Mwaka Niliposuka Barabara

Binti wa Adelina ameolewa Jumamosi iliyopita, nami nimerudi kwenye chumba changu cha kupanga hapa Handeni na nyasi zilizonasa kwenye pindo la gauni. Sijazitoa. Mimi si mtu wa kutunza vitu. Kila ninapohama, na nimehama sana, huacha ndoo, huacha godoro, niliwahi kuacha hata kabati lenye kioo; lakini gauni hili nimelitundika kwenye msumari mbele ya kitanda, na asubuhi nikifungua macho naisikia ile harufu ya kilima cha Nyakashozi baada ya mvua. Watu huniuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu bado anafuata mitambo ya zege kutoka wilaya hadi wilaya. Huwajibu kwamba naipenda kazi. Jibu lenyewe hasa ni mwaka mmoja wa ujana wangu, wakati wilaya ya Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, nami nikasuka barabara.

Habari za nyumbani kwetu nitaziruka. Zinafanana na za wengi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikajipeleka mwenyewe Nkwenda. Pale, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, msichana mmoja kutoka Rugu, Adelina, alikuwa amepanga chumba ambacho mchana kilikuwa saluni na usiku tulilala humo mimi na yeye. Asubuhi tulikisimamisha kitanda ukutani, tukakifunika kwa kanga, wateja wakakaa mkekani. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, kwa hiyo kila mwanamke aliyesukwa kwetu alirudi nyumbani ananukia mafuta ya nazi na maharage. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili ilikuwa nyumba ya wageni wanakolala wanunuzi wa ndizi na kahawa. Tulisikia kila kitu. Tulijua nani anakoroma, nani anasali kwa sauti, nani amemwambia mkewe yuko Bukoba. Na mvua zikianza tulisikia jina moja tu likirudiwa hadi watu wanasinzia: Nyakashozi. Ndicho kilima kilichokaa kati ya Rugu na Nkwenda. Barabara ilipanda pale kwenye mkato mwembamba, ukingo wa udongo kushoto, mtaro na bonde kulia, na kila mwaka walimwaga kifusi, na kila mwaka mvua ilikishusha kwenye migomba ya watu. Fuso zililala pale na mikungu hadi ndizi zikaivia ndani ya gari.

Jioni moja, tukimenya ndizi, tulisikia sauti mpya upande wa pili, nzito, Kiswahili chenye lafudhi ya Muleba. Ilisema, "Safari hii si kifusi. Tutaweka zege, tena zege lenye nyuzi."

"Nyuzi za nini, Mzee?" mtu akauliza.

"Za kulishikilia, lisipasuke."

"Yaani mnaisuka barabara?"

Wakacheka. Adelina hakuweza kuvumilia. Akagonga ukuta kwa kitana. "Kama ni kusuka, njooni huku kwa wenyewe!"

Ile sauti nzito ikauliza, "Nani huyo?"

"Wasusi!"

Kesho yake asubuhi mwenye sauti akaja. Alikuwa Mzee Rweyunga, msimamizi wa saiti, mtu mfupi mwenye kofia ya pama aliyoivua kabla ya kuinama mlangoni. Alitoa mfukoni tita la nyuzi za plastiki, nyeupe, laini, kila mmoja mfupi kuliko kidole, akaliweka mkekani katikati ya rasta zetu. Adelina akalichukua, akalipuliza. "Mae! Hizi ni rasta za bei rahisi. Mteja angenirudishia." Mzee akacheka, akatueleza kwamba zege likikauka hunywea, na likinywea hupasuka, ufa ukianza mdogo ukakutana na uzi, unakwama pale pale. "Mmeona nyumba za kukandika, udongo unavyochanganywa na nyasi? Ni hayo hayo. Shida yangu ni vijana wangu. Hawana subira ya kuzichambua." Alitaka mtu wa kuzichambua na kuzinyunyiza. Adelina alikuwa na saluni yake. Mimi nilikuwa na mikono na sina saluni. Nikasema nitakwenda wiki moja tu. Kazi ya saluni sijairudia hadi leo.

Subira ya vijana wake niliiona siku ile ile. Kipande cha kwanza walimimina mifuko ya nyuzi kwa mkupuo, mashine ikaizungusha, na zege likatoka na vitonge kama viota vya ndege, huku nyuzi zote zimejificha humo na kwingine hakuna kitu. Mzee alikipitia chote akikigonga kwa nyundo, akasikiliza, akasema neno moja: vunjeni. Cha pili nilikinyunyiza mimi, nyuzi zikakaa vizuri, lakini mvua ikashuka kabla hakijashika na kukiparua uso wote. Vunjeni. Baada ya hapo Mzee alituita chini ya turubai tulipokuwa tunakula. "Wenye mradi wamesema hivi. Hiki cha tatu kikiharibika, mashine inapelekwa wilaya nyingine, na Nyakashozi inarudi kwenye kifusi chake." Hakuna aliyemaliza chakula chake isipokuwa Philbert.

Philbert ndiye aliyeendesha mashine ya kuchanganyia zege. Kwao kulikuwa upande wa juu wa kilima, kuelekea Nkwenda, na hakuna jambo lililowahi kumnyima hamu ya kula. Alinipitia kila asubuhi kwa baiskeli, akakaa mlangoni kwetu hadi birika likaisha. Adelina alikuwa akisema bila kugeuka, mikono ikiwa kichwani kwa mteja, "Koku, huyu anakuja kukuchukua wewe au kunywa chai yangu?" Philbert akajibu, "Chai. Huyu Msusi wenu hata njiani hanisemeshi." Msusi ndilo jina nililopewa saiti, kwa kejeli kwanza, halafu likawa jina tu. Na kweli kazi ilikuwa ile ile. Unafungua tita, unalitikisa, unatenganisha kwa vidole, unaachia kidogo kidogo huku pipa linazunguka. Ukiharakisha, zinashikana. Philbert aliimba ili nipate mwendo, nyimbo za kanisani alizozibadilisha maneno zikamhusu msichana mmoja wa saluni. Msimu wa kahawa ulipokwisha, wazee wake walikuwa wameshakwenda Rugu kwa kina Adelina kuposa na kurudi wakitabasamu.

Najiuliza mara nyingi furaha ya mwaka ule ilitoka wapi, maana ukiihesabu kazi ilikuwa vumbi la saruji puani na mgongo kuuma. Nadhani ilikuwa kula pamoja. Mchana wanawake wa jirani walituletea sufuria ya ndizi zilizopondwa na maharage, wakikaa kututazama, wakitusema kwa Kinyambo, lugha ya kule, wakidhani Mzee wa Muleba haelewi, naye anaelewa kila kitu na kuendelea kutafuna. Ilipofika majira ya senene, wale panzi wa kuliwa, tulikaangiwa wabichi wa jana yake, wenye chumvi, tukawala kwa kiganja huku tumekaa kwenye mifuko ya saruji. Tangu hapo nimekula kwenye saiti nyingi. Chakula kizuri nimekipata. Watu wanaogombania senene wa mwisho kwa kutumia kijiko cha kupimia maji, sijawapata tena.

Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Haikuwa siku ya kusogezwa. Padre alikuwa na vigango vingi, makanisa madogo ya vijijini, vya kuzungukia, na kigango cha kina Philbert alikuja mara chache. Majilio yakishaanza hafungishi ndoa mpaka Noeli ipite. Matangazo ya ndoa yalishasomwa kanisani. Kipande cha tatu nacho kilikuwa kimwagwe mapema zaidi, wiki mbili nyuma, lakini mvua ilitucheza, tukawa tunaamka tukitazama mawingu kama watu wenye mgonjwa ndani. Alhamisi ikapambazuka kavu, jua safi. Mzee akasema sasa. Tulimwaga kutwa nzima, upana wote wa mkato, kutoka chini hadi juu. Nilinyunyiza hadi vidole vikafa ganzi. Zege likatoka laini, halina kiota hata kimoja, nyuzi zimetapakaa kama mvi chache kichwani, na Mzee Rweyunga alipotembea pembeni akilitazama aliivua kofia. Tulipiga makofi.

Likabaki kulifunika lisikaukie juani. Mzee alikuwa amemwomba balozi wa nyumba kumi awaambie wanawake, "Leteni nyasi mbichi, tutandike barabara." Hakufikiri zaidi ya hapo. Lakini nyumba za kule, mgeni mkubwa akitarajiwa, sakafu hutandikwa nyasi mbichi, na wageni huacha viatu mlangoni wakaingia. Wanawake wakaja na mizigo kichwani, tukawaelekeza namna ya kutandika kutokea kwenye mbao zilizolazwa juu ya kingo bila kukanyaga, nao wakatandika kwa ustadi wa ajabu. Walipomaliza, bibi mmoja jirani akashuka mtaroni, akanawa miguu, akavua ndala, akakunja gauni.

"Shikamoo bibi," nikamwahi. "Usikanyage!"

"Marahaba. Nisikanyage kwa nini, na nimetandika mimi?"

"Zege bado bichi, bibi. Utazama."

"Mnatandika nyasi halafu mtu haingii?" Akageukia wenzake. "Sasa huyo bibi harusi wa keshokutwa atapita wapi?"

Nakumbuka sauti ya ndoo ya Philbert ikianguka. Hakuna kati yetu aliyewaza. Tulikuwa tumelitazama zege na mawingu kwa muda mrefu kiasi kwamba yule aliyemwaga zege na yule anayeoa tuliwaona kama watu wawili. Adelina alikuwa ameshakwenda kwao Rugu, upande wa chini, na huko ndiko atakakotokea siku ya harusi. Padre atakuwa upande wa juu. Katikati, bwana harusi alikuwa amemwaga zege bichi kwa mkono wake mwenyewe, na gari halikanyagi pale mpaka Mzee aseme.

"Mzee," Philbert akasema, uso wake umebadilika. "Jumamosi litakuwa limekomaa?"

"Kwa gari? Hata usiulize."

"Nipeleke habari Rugu, waje mapema, wapite migombani?"

"Kuna matope ya magoti huko," nikasema. "Na gauni jeupe."

Philbert akakaa chini. "Nikituma neno kwamba njia imefungwa, watasema nimemkataa binti yao. Nitasubiri hadi Noeli, au nitasubiri hadi kufa." Mzee alimtazama, akalitazama zege, akarudi kumtazama. Kisha akasema tumwagilie nyasi, maana hilo angalau alilijua. Ijumaa kutwa Philbert alibeba maji kutoka bondeni, akainywesha kila hatua ya kilima.

Jumamosi tuliwasikia kabla hatujawaona. Fuso ilikuja imejaa waimbaji, mbele yake gari dogo lenye maua ya karatasi, yote mawili yakasimama chini ya kilima penye mbao zetu za kuzuia. Aliyeshuka kwanza hakuwa Adelina. Alikuwa shangazi yake, ambaye kule huitwa ishenkazi, na neno la mwisho kuhusu bibi harusi ni lake. Mwanamke mrefu, kitenge cha bluu, mkoba mkononi.

"Shikamoo ishenkazi," Philbert akasema. Suti ilikuwa mpya, lakini chini alikuwa na mabuti ya mpira.

"Marahaba. Barabara hii nani kaifunga?"

"Ni sisi. Tunaijenga."

"Na ukaona uijenge siku ya harusi yako?"

"Alhamisi, ishenkazi."

Fuso nzima ikacheka. Adelina akatoa kichwa dirishani, rasta nilizomsuka mwenyewe zimejaa shanga. "Philbert! Kati yangu na zege lako, umechagua nini?"

"Nimechagua vyote!"

"Kaa ndani wewe," ishenkazi akamwambia Adelina, kisha akamgeukia Mzee Rweyunga aliyekuwa amesimama, kofia mkononi. "Fungua, baba. Padre anangoja."

"Mama, gari haliwezi. Watu wanaweza, kama watatembea taratibu. Lakini wasicheze. Ngoma ipigwe, nyimbo ziimbwe, ila miguu isiruke."

"Atembee?" Ishenkazi aliushika mkoba kwa mikono miwili. "Anayekwenda kwa mume kwa miguu ni yule aliyetoroshwa. Sisi hatukumtorosha mtu. Tunarudi Rugu, mkimaliza barabara yenu mtatuita."

Naye hakuwa akitishia tu. Alimwashiria dereva, na dereva akawasha gari. Nikaona macho ya Adelina pale dirishani, hayana utani tena, yananitafuta mimi. Ishenkazi alipogeuka kuingia garini mguu wake ukagusa ukingo wa nyasi. Akasimama. Akainama, akaokota chache, akazinusa.

"Hapa nani ametandika?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Philbert, ishenkazi. Yeye na kina mama wa hapa. Na tangu Alhamisi anazimwagilia maji zisikauke."

Yote yalikuwa kweli. Nilisikia Mzee Rweyunga akikohoa nyuma yangu.

"Anazimwagilia?"

"Jana kutwa nzima. Maji anayatoa bondeni kichwani."

Ishenkazi alikitazama kilima kutoka chini hadi juu, kijani kibichi kinachometa, hakuna alama ya unyayo hata mmoja. Dereva akazima gari mwenyewe. "Nimeona nyumba nyingi zikitandikwa," akasema. "Sijaona mtu aliyetandika mlima." Akaketi kwenye jiwe, akaanza kufungua viatu. "Vueni wote. Hatuingii kwa watu na viatu. Na atakayerukaruka kwenye nyasi za watu nitamrudisha Rugu kwa mguu."

Sijawahi kuona msafara kama ule. Watu wazima kwa watoto, viatu mkononi, wakipanda taratibu kwenye nyasi baridi. Ngoma ilipigwa, mabega yakacheza, shingo zikacheza, miguu ikanyamaza. Mzee Rweyunga alipita pembeni ameinamisha kichwa kama anasikiliza zege likipumua, na mjomba mmoja alipozidiwa akataka kuruka, Mzee akamdaka koti: "Baba, tafadhali! Mwezi ujao!" Adelina alikuwa ameshika gauni kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, anatetemeka kwa kicheko alichokizuia. "Koku, miguu inaniwasha," akaninong'oneza katikati ya kilima. "Nitarudi kucheza hapa hapa." Nikamwambia, "Likikomaa nitakwambia." Juu kabisa Padre alikuwa amesimama na saa yake mkononi, akatuona tunatokea pekupeku, akairudisha mfukoni.

Leo, baada ya kumwaga zege sehemu nyingi, najua kwamba hata wangecheza, zege lisingedhurika. Lilikuwa limeshashika vya kutosha. Lakini tulikuwa tumevunja vipande viwili, na mtu aliyevunja vipande viwili huwa haombi bahati. Zege lilifuzu. Mwaka mpya ulipoanza mashine ikahamia wilaya nyingine, safari hii kwa sababu imefanya vizuri, na Mzee akaniuliza kama Msusi atakuja. Nilipanda juu ya mifuko ya saruji nikaenda. Nkwenda nimerudi mara chache, kwa misiba, na kwenye misiba hatuchezi.

Sasa Jumamosi iliyopita. Msafara wa Anitha, binti wa Adelina na Philbert, ulikuwa unashuka Nyakashozi kumpeleka Rugu kwa mume. Lami imefika pande zote mbili za kilima, nayo imeshazibwa viraka. Katikati zege letu limekaa kama lilivyokuwa, kijivu, limesuguliwa na matairi hadi ukiinama unaziona nyuzi. Ghafla magari yote yakasimama. Vijana wakashuka na mafungu ya nyasi, wakatandika njia katikati, wakavua viatu, Anitha akaanza kushuka pekupeku, ngoma inalia na hakuna anayecheza. Mabega tu. Nikadhani wananitania. Nikaanza kusogeza mguu, kijana mmoja mwenye miwani akanigusa kiwiko kwa adabu.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa hatuchezi."

"Marahaba. Kwa nini?"

Aliwatazama wenzake, nao wakamtazama. "Ni mila," akasema. "Tangu zamani za mababu. Bibi harusi yeyote akipita hapa, nyasi, pekupeku, na hakuna kuruka."

Nilimtafuta Adelina. Alikuwa nyuma ya binti yake, amenenepa, mvi zimeingia, viatu mkononi, anatetemeka mabega kwa kile kicheko chake cha kuzuia. Philbert aliangalia pembeni kama mtu asiyehusika.

"Adelina! Umewaacha waamini hivyo miaka yote?"

"Ningefanyaje? Walianza wenyewe. Na mimi nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Uliniambia utaniambia. Wewe ndiye uliyelisuka."

Basi nikaenda katikati ya kilima, nikaziondoa nyasi kwa mguu mpaka zege likaonekana. Nikaruka juu yake kwa uzito wangu wote, mara mbili, kisigino kikalia. Vijana walishika midomo. Nikamgeukia.

"Adelina, limekomaa."

Akatupa viatu mtaroni.